Mwenye Hema na Mwenye Mwili: Biashara ya Sarakasi Ikitazamwa kutoka Awasi



Anayesomea biashara hakosi kufundishwa habari za Cirque du Soleil, sarakasi iliyoanzishwa Quebec, Kanada, mwaka 1984. W. Chan Kim na Renée Mauborgne waliifanya mfano mkuu katika kitabu chao cha 2005, Blue Ocean Strategy. Kampuni hiyo iliachana na wanyama, ambao kuwalisha na kuwasafirisha ni gharama kubwa, ikaingiza muziki na hadithi, ikawauzia watu wazima tiketi ghali. Ringling Bros. ya Marekani ilibaki na tembo wake hadi 2016, na 2017 ikafunga. Iliporejea 2023, haikuwa na mnyama hata mmoja.

Sarakasi yetu haikuwa na tembo wa kuacha. Vijana wanaozunguka shule za msingi huku kwetu Awasi, Kaunti ya Kisumu, huja na pete za chuma, kamba, mafuta ya taa kidogo na spika. Mwalimu mkuu akikubali, kila mtoto hutoa shilingi chache, na piramidi ya watu inasimama juu ya nyasi. Hawalipii hema, na watazamaji wamekwisha kukusanyika. Kwa kipimo cha Kim na Mauborgne, hawa wamefuzu zamani. Mbona basi hawatajiriki?

Mkulima wa miwa wa hapa Awasi anajua jibu. Hulipwa kwa tani ya miwa mbichi, na sukari huuzwa kwa jina la kiwanda. Mwanasarakasi wetu naye, akipata nafasi ya kutoka, huuza nguvu zake Ulaya au Marekani kwa mkataba wa miezi. Jina lililo kwenye bango, picha za video na orodha ya wanunuzi wa tiketi hubaki kwa mwenye hema. Magoti yakichoka, hana kitu cha kumrithisha mwanawe.

Ndiyo maana nauheshimu sana uamuzi wa Sarakasi Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2001. Iliigeuza sinema ya zamani ya Shan, mtaa wa Ngara, kuwa ukumbi wake. Mwenye ukumbi hufundisha, hukodisha, huuza tiketi, na mteja humjua yeye.

Lakini umiliki unaojengwa kwa mikopo mikubwa nao huua. Machi 2020, korona ilipofunga kumbi, Cirque du Soleil ilisimamisha maonyesho yake na kuwaondoa kazini takriban asilimia 95 ya wafanyakazi. Kufikia Juni ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai.

Kwa hiyo nawashauri vijana wa Awasi, Ahero na Muhoroni waanze kidogo, ila waanze wakiwa wenye mali. Vikundi viungane katika chama kimoja cha ushirika. Watunge onyesho moja lenye jina na hadithi ya eneo letu la Nyando, walirekodi, na rekodi hiyo waisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Tiketi zilipwe kwa M-Pesa kwenye akaunti ya chama, si kwenye simu ya kiongozi. Vikundi vingi vimevunjika hapo. Na fedha za kwanza zinunue magodoro ya kuangukia, kabla ya taa na mavazi, kwa sababu shingo ya kijana ikivunjika hakuna mkataba utakaoirudisha.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja: kumbi za umma zenye paa refu zifunguliwe bure kwa mazoezi, asubuhi za siku zisizo na mikutano.