Mizani na Tabia za Binadamu



Katika miaka kumi ya kupokea pamba yenu tumejifunza kupima mizigo, na bila kukusudia tumejifunza kupima watu pia. Mizani ikisoma kilo nyingi, mwanachama husifu jembe lake; ikisoma chache, humlaumu karani. Hatujapata kumwona aliyerudi kulalamika kwamba amezidishiwa.

Hata hivyo, shaka hiyo tusiibeze, maana ndiyo iliyotuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, Tanganyika, walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kupima. Kutokana na vuguvugu hilo vyama vya ushirika vilienea, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, nao walikuwa wakitaka unga usioghushiwa na kipimo kilichotimia. Basi mwenye shaka si adui wa ushirika.

Lakini tunastaajabia jambo moja. Mkulima yule yule anayeinama kuikodolea macho sindano ya mizani ndiye ambaye usiku huinyunyizia pamba maji, au huificha fifi chini ya pamba safi. Hudhani anakiibia Chama, kana kwamba Chama ni mzee tajiri anayeishi nyuma ya ghala. Maji hukauka, uzito hupungua, na hasara hukatwa katika malipo ya pili ya wote, yake yakiwamo. Huyu ni mwizi wa namna ya pekee: huvunja nyumba yake mwenyewe, kisha jirani humsaidia kulipia mlango.

Viongozi nao wasicheke mno. Kabla ya uchaguzi mjumbe hukumbuka majina ya watoto wetu wote; baada yake husahau hata njia ya kwenda gulioni.

Na hesabu zikisomwa mkutanoni, kila mtu huitikia kwa kichwa. Mkutano ukiisha, chini ya mwembe huzaliwa wakaguzi hodari wanaojua kila senti ilikokwenda.

Leo hesabu zitasomwa saa nane. Viti vya mbele tumewawekea mabwana na mabibi wa chini ya mwembe; tunawaomba wavikalie, waulize maswali yao vitabu vikiwa bado mezani.