Sukari ya Damu Siku ya Kupasuliwa

Ninyi mlio darasani, fungueni karatasi zenu. Neno letu jipya ni refu, basi tulikate vipande: dek-sa-me-tha-so-ni. Lisomeni mara mbili. Ni jina la dawa.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikwenda kupasuliwa ngiri. Alikuwa na kisukari, lakini alipoulizwa ana ugonjwa gani alinyamaza. Aliogopa wasije wakamrudisha nyumbani. Basi akachomwa sindano ya dawa hiyo, kama wengi wachomwavyo, ili asitapike baada ya dawa ya usingizi. Usiku kiu ikamshika, na haja ndogo haikumpa nafasi ya kulala. Alfajiri muuguzi alimpima damu, akakuta sukari imepanda sana. Ndipo mama akasema kweli.

Dawa ilifanya nini? Juu ya kila figo pana tezi ndogo itoayo kotisoli, kitu kiusaidiacho mwili wakati wa shida. Deksamethasoni hufanana na kotisoli, ila ina nguvu zaidi. Huliamuru ini kumwaga sukari katika damu. Tena huidhoofisha insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika misuli. Na kupasuliwa kwenyewe, hata bila dawa, hupandisha sukari. Mtu asiye na kisukari hutoa insulini zaidi, mambo yakaisha. Mwenye kisukari hawezi. Sukari yake huweza kukaa juu siku nzima au zaidi. Sukari ikizidi, askari wa damu hulegea, na kidonda huweza kuingia usaha.

Je, tuikatae sindano? Hapana. Mwaka 2021 madaktari wa Australia na wenzao wa nchi nyingine walitangaza habari za wagonjwa zaidi ya 8,700 waliopasuliwa. Katika kila 100 waliochomwa deksamethasoni, kama 8 vidonda vyao viliingia vijidudu. Katika kila 100 wasiochomwa, kama 9. Dawa haikuharibu vidonda, na waliotapika walipungua. Wenye kisukari walikuwamo, lakini angalieni: wale ambao sukari yao ilikuwa juu mno tangu mwanzo hawakupokelewa katika uchunguzi huo. Kwa hiyo habari hii njema haiwahusu wote. Daktari hawezi kujua wewe u wa kundi gani usipomwambia.

Wako pia wanaomeza vidonge vya namna hii kila siku, kama predinisoloni kwa ajili ya pumu. Hao wasiviache kwa shauri lao wenyewe kabla ya kupasuliwa, maana tezi zao zimezoea kupumzika na huenda zisiamke upesi. Wamwonyeshe daktari vidonge hivyo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni pole pole, kila mtu kwa mkono wake: “Nina kisukari. Tafadhali nipimeni sukari kabla ya kunipasua, na baadaye tena.”