Kuwalinda Watoto na Wanyonge katika Kazi ya Kujitolea

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wasaidizi, Ruanda

Katika siku hii ya shangwe mmekwisha kusikia habari za majengo na za watu waliotutangulia. Sisi tumepewa neno lisilopendeza masikioni, nalo ni hili: watoto na wanyonge walio mikononi mwetu, je, wako salama?

Kundi letu huwafundisha watoto nyimbo na kusoma, huwatembelea wazee wasio na mtu, tena huwachotea wagonjwa maji. Ni kazi njema, na kwa kuwa ni njema watu hutufungulia milango bila kuuliza. Mama aendaye kuchuma kahawa hutuachia mtoto wake. Bibi asiyeona hututuma chumvi na sabuni, wala hawezi kuhesabu chenji irudiyo. Basi mtu mwenye nia mbaya atapata wapi mlango ulio wazi kuliko huu?

Miaka kadhaa iliyopita lilitupata jambo ambalo hatukupenda kulisema hadharani hata leo. Msaidizi mmoja alikuwa na desturi ya kumbakiza mtoto baada ya mazoezi ya nyimbo, akimpa peremende na madaftari. Sisi tulimsifu kwa ukarimu wake. Hata mtoto yule alipoanza kukataa kuja, tukamwita, tukamsimamisha mbele ya wazee saba, na msaidizi mwenyewe akiwa papo hapo, tukamwuliza, “Kuna nini, mwanetu?” Mtoto akatazama chini, asinene kitu. Nasi tukaandika ya kuwa hakuna neno. Baadaye alimwambia shangazi yake, na shangazi ndiye aliyekwenda polisi, sisi hatukwenda. Twakiri mbele yenu kwamba tulikosa, na kosa letu kubwa lilikuwa katika kuuliza kwenyewe. Ni mtoto gani awezaye kumshtaki mtu mzima mbele ya watu wazima saba?

Wengi wa huku kwetu hudhani ya kuwa hatari hutoka Tunduma, kwa wageni na malori yapangayo foleni kuingia Zambia. Hatukatai, mpakani mna mambo, na mtoto auzaye karanga usiku kando ya magari hayuko mahali pema. Walakini uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2009, ukatangazwa mwaka 2011, ulionyesha ya kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na wavulana kama 1 katika 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu kubwa namna hiyo haikuletwa na malori. Yatupasa kutazama nyumbani, shuleni, na katika makundi kama hili letu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu chake cha 95 chamwekea kila mwanajamii wajibu: akiwa na ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zavunjwa, aipeleke kwa serikali ya mahali pale. Habari yatosha, kuchunguza ni kazi ya wengine. Hapa wazee wetu watatuwia radhi, maana twajua desturi ya kumalizana nyumbani. Baba huletewa mbuzi, watu wakala, na mtoto akaendelea kukutana na adui yake kisimani kila asubuhi.

Basi tumepatana hivi. Hakuna msaidizi atakayekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Wawe wakubwa wawili, na mlango uwe wazi. Zawadi zitolewe kwa watoto wote, mbele ya watu. Mtoto akikuletea neno, msikilize, usimwahidi kulificha, wala usimhoji tena na tena. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya 116 nayo hupigwa bure. Aliyeingiliwa asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, afikishwe hospitali upesi kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji kikao cha ukoo.

Kwa wazee na vipofu, fedha zao zishikwe na wasaidizi wawili, ziandikwe daftarini, na jirani ashuhudie. Na msaidizi atakayemnong’onea mtu kwamba bibi fulani ana macho mekundu, huyo hatufai. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 60 macho yake yatakuwa rangi gani?

Daftari la wasaidizi liko kwa katibu. Kila mmoja ataandikwa upya, mkubwa kwa mdogo, pamoja na wadhamini wawili wanaomjua kwa mwenendo wake. Majina yetu sisi tunaonena leo yametangulia katika ukurasa wa kwanza, na nafasi za wadhamini wetu bado ni tupu. Jumamosi, baada ya soko, tutakuwa pale ofisini kuwangoja.