Umemwambia mdogo wako kuwa ni mzuri?

Wanafunzi wa Sumbawanga! Leo tuongee kuhusu neno moja dogo: "mzuri".

Kwetu tulizaliwa wasichana wawili. Wageni wakija humsifia mdogo wangu kwa weupe wake. Mimi je? "Na huyu naye anajua kuosha vyombo!" (Sasa nacheka. Wakati ule sikucheka.) Kidato cha pili nikanunua mkorogo sokoni. Jamani, baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Mimi niliungua uso, na jua la Ufipa likamalizia.

Baba ndiye aliyeniambia niache. Alisema mimi ni mzuri, sura yangu ni ya bibi yake, tena hajaona mtoto mwenye maswali kama mimi. Nilihitaji kusikia yote mawili.

Mwaka 2007 Flaviana Matata alishindana Miss Universe kule Mexico akiwa na kipara, kama mnavyonyolewa ninyi shuleni, akaingia kumi bora!

Je, nyumbani una mdogo wa kike? Mwambie ni mzuri, umsifie na daftari lake. Anza leo jioni, kabla wageni hawajaja.