Nasaba ya Mfalme Dario wa Uajemi

Wasikilizaji wangu, mgeni akifika mjini wazee humwuliza, "U mwana wa nani?" Mfalme Dario wa Uajemi hakungoja kuulizwa. Katika mlima wa Behistun, nchi ya Iran, juu sana ya njia ya misafara, aliamuru jabali lichongwe na kuandikwa kwa lugha tatu, ya kwamba yeye ni Dario bin Hystaspes bin Arsames bin Ariaramnes bin Teispes bin Achaemenes. Na ya kwamba wanane wa ukoo wake walikuwa wafalme kabla yake, naye ni wa tisa.

Mbona alijisumbua hivyo? Mwaka 522 kabla ya kuzaliwa Masihi alikufa Mfalme Kambise, mwana wa Koreshi, naye alikuwa njiani kutoka Misri. Kiti kilikuwa kimekwisha kaliwa na mtu aliyeitwa Bardiya, nduguye Kambise. Dario na wakuu sita wakamwua. Dario alisema kwamba Bardiya wa kweli aliuawa zamani kwa siri, na huyu alikuwa mwongo, jina lake Gaumata. Wataalamu wengi wa siku hizi hawasadiki. Waona yamkini aliyeuawa alikuwa mwana halisi wa Koreshi. Lakini maiti hana jabali la kuandikia.

Tena tazameni. Dario alipotawazwa baba yake alikuwa hai, na babu yake pia. Mwenyewe alikiri hayo katika maandishi ya mji wa Susa. Ikiwa ufalme ulikuwa haki ya nyumba yao, ulimrukaje babu, ukamruka na baba, ukamwangukia mwana? Naye Koreshi, alipotaja wazee wake katika maandishi ya udongo kule Babeli, aliishia kwa Teispes. Achaemenes hakumtaja kabisa.

Majimbo mengi yaliasi. Dario ajisifu kwamba alipigana vita 19 na kukamata wafalme 9.

Hata hivyo hakutegemea upanga na jabali tu. Herodotus Myunani aeleza kwamba alioa Atossa na Artystone, binti za Koreshi, kisha akamwoa Parmys, binti Bardiya. Alipokufa Dario, mwaka 486, ufalme haukumfikia Artobazanes, mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa na mke wa awali. Alitawazwa Xerxes, mwana wa Atossa, mjukuu wa Koreshi.