Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Usafi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Wilaya ya Kyela)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mbwa. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Mbwa naye ana somo gani? Si hukua tu mwenyewe?" Ni kweli, mbwa hukua mwenyewe. Lakini adabu haiji yenyewe. Mbwa aliyekua bila kufundishwa huwa mzigo, na mara nyingine huwa hatari kwa watoto wetu. Kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Sisi wa huku Kyela tunamhitaji mbwa. Analinda nyumba usiku. Analinda kuku. Anafukuza nyani na ngedere shambani. Lakini tazameni jinsi tunavyompata. Mtu anapewa mtoto wa mbwa na jirani. Anamfunga kamba shingoni, anamleta nyumbani, anamwacha uani. Siku ya kwanza anakojoa jikoni. Siku ya pili anajisaidia juu ya mkeka wa mpunga. Siku ya tatu anapigwa fimbo. Mwishoni mwa mwezi anafukuzwa, anakwenda kuzurura sokoni akitafuta makombo.

Je, mbwa huyo anayezurura ni wa nani? Hana mwenyewe. Siku ya chanjo hakuna atakayempeleka. Akiumwa na mbwa mwenye kichaa, naye atapata kichaa. Na akipata kichaa, atamwuma nani? Atamwuma mtoto anayetoka shule. Mnaona basi? Mambo yalianza na mkojo jikoni, yakaishia kwenye kifo cha mtu. Ndiyo maana nasema kumfundisha mtoto wa mbwa usafi si mchezo wa watu wa mjini. Ni jambo la afya ya kijiji.

KWA NINI USAFI NI MUHIMU

Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo. Mayai hayo ni madogo mno, hayaonekani kwa macho. Watoto wa mbwa ndio wenye minyoo mingi zaidi, kwa sababu wengine huambukizwa wakiwa bado tumboni mwa mama yao, au huipata katika maziwa yake. Mayai hukaa udongoni muda mrefu. Mtoto wetu anayetambaa hushika udongo, kisha hutia mkono mdomoni. Minyoo ikiingia mwilini mwake inaweza kumdhuru ini, mapafu, hata macho.

Tena Kyela ni nchi ya mvua nyingi. Mvua za masika zikinyesha, maji hujaa uani na mito hufurika. Kinyesi kilichoachwa ovyo huchukuliwa na maji mpaka kwenye visima vyetu vifupi. Na sisi tunaanika mpunga na kakao chini, juu ya mikeka na majamvi. Nani atataka kununua kakao iliyochafuliwa na mbwa?

KIZIMBA CHA KULALIA

Sasa tuanze kazi. Chukua mtoto wa mbwa aliyefikisha wiki nane. Usimchukue kabla ya hapo. Bado anahitaji maziwa ya mama, na anajifunza adabu kwa kucheza na ndugu zake.

Kabla hajafika, mtengenezee kizimba. Huhitaji fedha. Mianzi tunayo. Kata mianzi, ifunge kwa kamba, uache nafasi za hewa. Tenga kubwa la kuku linafaa pia, au kasha la mbao. Liweke juu ya mawe au matofali ili unyevu usipande kutoka chini. Tandika nyasi kavu au gunia kuukuu. Liweke mahali penye kivuli, pasipovuja, karibu na watu.

Kizimba kiwe na ukubwa gani? Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala akiwa amenyoosha miguu. Basi. Kikiwa kikubwa sana, atalala pembe moja na kujisaidia pembe nyingine.

Kwa nini kizimba husaidia? Ni kwa sababu ya tabia ya mbwa mwenyewe. Akifika wiki tatu hivi, akiweza kutembea, huanza kutoka pale anapolala ili kujisaidia pembeni. Hapendi kuchafua kitanda chake. Sisi tunaitumia tabia hiyo. Akiwa kizimbani hujizuia. Akifunguliwa, tunampeleka mara moja mahali tulipopachagua. Hivyo anajifunza bila fimbo.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, kizimba si jela. Usimtie humo kwa kumwadhibu. Mpe chakula humo, mlango ukiwa wazi, aingie na kutoka mwenyewe. Siku za mwanzo funga mlango kwa dakika chache tu, ukiwa karibu naye. Ongeza muda kidogo kidogo. La pili, usimfungie kutwa nzima. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo mchana zaidi ya saa mbili hivi. Wa miezi mitatu, saa tatu. Ukimfungia tangu asubuhi mpaka jioni wakati ninyi mko shambani, atajichafua kwa lazima. Akizoea kulala juu ya uchafu, kumfundisha kutakuwa kazi ngumu sana.

Mtaniuliza, "Na sisi wakati wa kuwinga ndege kwenye mpunga tufanye nini?" Fanyeni hivi: babu au bibi aliyebaki nyumbani amfungulie. Kama hakuna mtu, mzungushieni uzio mdogo wa mianzi uani, penye kivuli na maji, aweze kutoka mahali pa kulala na kwenda kujisaidia pembeni. Au mchukueni shambani.

RATIBA YA KUTWA

Mbwa hajui kusoma saa, lakini tumbo lake linajua. Ukimlisha kwa saa maalumu, atajisaidia kwa saa maalumu. Wa miezi miwili alishwe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali au wali uliochanganywa na usipa waliochemshwa unamfaa. Usitie chumvi wala pilipili. Maji safi yawepo daima. Kigae cha chungu cha Wakisi, hivi vyungu vinavyotoka Ikombe, chafaa sana kuwa bakuli lake, maana ni kizito, hakipinduki upesi.

Kuna chakula kimoja ambacho sisi wa Kyela lazima tukiangalie. Ni kakao. Punje za kakao ni sumu kwa mbwa. Mwili wake hauwezi kuiondoa upesi dawa iliyomo ndani ya kakao kama mwili wa mtu unavyoweza. Mbwa aliyekula kakao hutapika, huharisha, hutetemeka, moyo hwenda mbio, na anaweza kufa. Maganda ya punje nayo ni vivyo hivyo. Basi asiachwe peke yake penye kakao iliyoanikwa. Akila, mwite afisa mifugo upesi.

Mpeleke nje nyakati hizi:

1. Mara tu anapoamka, asubuhi au mchana.
2. Dakika chache baada ya kula au kunywa maji.
3. Baada ya kucheza.
4. Kabla ya kulala usiku.
5. Ukimwona ananusanusa chini na kuzunguka mahali pamoja.

Usiku mtoe saa nne, kisha saa nane, kisha saa kumi na moja alfajiri. Najua ni taabu kuamka saa nane. Ni kwa majuma machache tu. Akifika miezi minne hivi, wengi huweza kulala mpaka alfajiri.

Chagua mahali pamoja, mbali na kisima, mbali na jiko, mbali na mahali pa kuanikia. Nyuma ya migomba panafaa. Mpeleke hapo hapo kila siku. Harufu ya jana itamkumbusha. Simama kimya, usicheze naye. Akianza kujisaidia, sema neno moja, kama vile "Haya!" Neno liwe lile lile, na watu wote nyumbani walitumie. Akimaliza, msifu papo hapo. Mpapase, mpe kipande cha usipa. Ukingoja mpaka mfike nyumbani ndipo umsifu, hatajua amesifiwa kwa lipi.

Kisha zoa kinyesi kwa jembe, ukitie chooni au ukifukie shimoni. Nawa mikono kwa sabuni.

AKIKOSEA TUFANYEJE

Atakosea. Ni mtoto. Wapo watu humpiga, au humsugua pua katika mkojo wake. Hilo halifundishi kitu. Mbwa aliyepigwa baada ya kumaliza hafikirii, "Nimepigwa kwa sababu nimekojoa ndani." Anafikiri, "Mtu huyu ni mkali." Kesho yake atakojoa nyuma ya pipa asionekane. Naye akizidi kuwa na hofu, ataanza kuuma.

Ukimkuta katikati ya kazi, piga makofi mara moja ashtuke, mchukue upesi, mpeleke nje. Akimalizia nje, msifu. Ukikuta amekwisha maliza, nyamaza. Safisha tu. Osha kwa maji na sabuni, kisha pangusa kwa siki kama unayo, mpaka harufu iishe. Harufu ikibaki, atarudi hapo hapo. Sakafu ya udongo ikwangue pale palipolowa, uondoe udongo huo, utie mwingine mkavu.

KALAMU IFANYE KAZI

Sasa hapa ndipo ninyi wahitimu mna nguvu kuliko wengine. Mmejua kusoma na kuandika. Chukueni daftari. Chora mistari mitatu iwe safu. Safu ya kwanza andika saa aliyokula. Safu ya pili, saa aliyojisaidia. Safu ya tatu, ni ndani au nje. Andikeni kwa siku saba. Mtaona wenyewe saa zinazojirudia. Kama kila siku anakosea saa tisa mchana, basi mtoeni saa nane na nusu. Daftari hilo ni mwalimu wenu.

Katika daftari hilo hilo andikeni tarehe ya dawa ya minyoo na tarehe ya chanjo. Dawa ya minyoo hutolewa mara kadhaa angali mdogo. Afisa mifugo atawaambia kipimo. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huanza akifika miezi mitatu, na hurudiwa. Mtapewa kadi. Isomeni. Iwekeni pakavu pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana zote ni kadi za uhai.

KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu hauna mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini kabla ya dalili kuna dawa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Mtoto yule alipona. Tangu hapo ulimwengu umejua njia.

Basi mtu akiumwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, hata kama jeraha ni dogo:

1. Oshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Msikatishe.
2. Msitie majani, pilipili, mafuta wala majivu.
3. Aende siku hiyo hiyo kwenye zahanati au hospitali, aelekezwe penye chanjo.
4. Akianza sindano, azimalize zote kwa tarehe alizoandikiwa.
5. Mwambieni afisa mifugo habari za mbwa huyo.

Wataalamu wanasema kijiji kikichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tena mbwa aliyezoea kizimba na kuitikia jina lake ni rahisi kumpeleka kwenye chanjo. Hatorokei migombani. Mnaona jinsi kazi ndogo ya usafi inavyozaa faida kubwa.

Ndugu zangu, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa kando ya ziwa twajua maana yake. Mtoto wa mbwa ni mbichi miezi michache tu. Kama huwezi kumpa miezi hiyo, usimchukue. Mwachie mwingine aliye na nafasi. Kama umemchukua, amekuwa mtu wa nyumbani mwako. Mfunze, mlishe, mchanje.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini kizimba kisiwe kikubwa sana?
2. Taja nyakati tano za kumpeleka mtoto wa mbwa nje.
3. Kwa nini kumpiga baada ya kumaliza hakusaidii?
4. Mbwa wangapi katika kitongoji chenu wamechanjwa? Hesabuni, mwandike, kisha mpelekeeni afisa mifugo hesabu hiyo.