Kukiuliza Kipimamvua



Nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi huiona kuwa ndogo, nayo ni kuandika mvua. Saa tatu asubuhi karani huenda uani, humimina maji katika bilauri ya kupimia, huandika tarakimu moja, kisha hurudi mezani. Lakini kwa tarakimu hiyo bwana shamba huwashauri watu wakati wa kupanda, na mhandisi hukadiria upana wa kalvati. Na mwaka wa njaa, hutazamwa ili ijulikane ni wapi chakula kitangulie kupelekwa. Basi kipimamvua kikiwa na kasoro, aumiaye si karani, bali mkulima asiyejua hata kwamba kitabu hicho kipo.

Na kasoro hiyo ni ya kimya. Saa ikisimama yaonekana. Kipimamvua kibovu huendelea kutoa tarakimu safi kila siku. Hapana budi kukiuliza. Nasema juu ya kile cha shaba chenye mdomo wa upana wa inchi 5, yaani milimita 127, usimamao kama sentimita 30 juu ya ardhi.

Kwanza, mahali. Mti wa mita 6 usiwe karibu kuliko mita 12. Mti hukua, nacho kipimamvua hakihami. Palipofaa zamani huenda leo hapafai.

Pili, mdomo. Weka pimamaji juu yake, kisha uigeuze upande wa pili. Pima upana kwa pande tatu. Mdomo uliogongwa na jembe ukawa mfano wa yai haupokei tena mvua ile ile.

Tatu, uvujaji. Jaza maji chupa na kopo lake, uviweke mbalimbali juu ya karatasi kavu kwa muda wa saa moja. Karatasi itasema.

Nne, bilauri. Baada ya kuandika mvua ya asubuhi, pima gramu 127 za maji kwa mizani ya barua, bila kuhesabu uzito wa chombo. Lowesha faneli kwanza, mwaga maji yaliyomo, kisha mimina yale ya mizani polepole, ungoje tone la mwisho. Bilauri yapasa kuonyesha milimita 10. Ikionyesha kasoro kidogo ya 4, basi ni bilauri ya kipimamvua cha inchi 8, iliyoletwa badala ya ile iliyovunjika. Na kitabu kimekuwa kikitangaza ukame usiokuwapo. Ukiisha, mwaga maji hayo, yasije yakahesabiwa kuwa mvua.

Ukiona kosa, usizifute tarakimu za nyuma. Andika tarehe na kasoro katika safu ya maelezo, umpashe habari mkubwa wako. Vivyo hivyo, ikiwa Jumapili hapakupimwa, andika Jumatatu kwamba maji hayo ni ya siku mbili. Usiyagawanye kwa kukisia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini tarakimu ya uongo huishi kitabuni miaka mingi baada ya mwandishi wake kustaafu.

Mabibi na Mabwana, kazi yote hii haizidi asubuhi moja. Naomba kila mmoja wetu aliye na kipimamvua katika kituo chake aifanye kabla ya masika kuanza.